Mwana wa Ribe Aliyeipeleka Riwaya ya Kiswahili Angani

Katika makongamano ya walimu wa Kiswahili haikosi kusikika lalama kwamba lugha yetu haina hadithi za kisayansi. Lalama hiyo hutolewa kwa masikitiko, aghalabu na watu wenye nia njema, na mara nyingi hupita bila kupingwa. Mwanafunzi anayetaka kusoma habari za vyombo vya angani, za sayari nyingine na za binadamu wa zama zijazo huelekezwa kwenye rafu ya Kiingereza. Huko ataambiwa, na ni kweli, kwamba aina hii ya fasihi ililelewa na majarida: kwamba mwaka 1926 Hugo Gernsback alianzisha mjini New York jarida la Amazing Stories, na kwamba vijana wengi wa Marekani walijifunza kuwaza mbali kwa kusoma hadithi fupi fupi zilizochapishwa humo na katika majarida yaliyofuata. Jarida la namna hiyo sisi hatukubahatika kulipata. Lakini kutoka hapo hadi kudai kwamba hatuna chochote ni mruko mkubwa mno, na anayeruka hivyo huwa amempita Katama Mkangi bila kumwona.

George Clement Katama Mkangi alizaliwa mwaka 1944 huko Ribe, katika Kilifi. Waribe ni mojawapo ya jamii tisa za Wamijikenda, na si miongoni mwa zile kubwa. Hata hivyo, kitabu kiliwafikia mapema. Wamishonari wa Kimethodisti walifungua kituo chao Ribe mwaka 1862, na jirani hapo Rabai ndiko alikokuwa amekaa Ludwig Krapf, yule ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882 akiwa tayari amekwisha kufa. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Ribe katika miaka ya vita vya pili vya dunia alizaliwa mahali ambapo kusoma na kuandika hakukuwa jambo geni. Kilichokuwa kigeni ni kumiliki ardhi uliyoizaliwa juu yake. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1908, sehemu kubwa ya mwambao wa Kilifi na Malindi iliandikishwa kwa majina ya watu wengine, na wenyeji waliokuwa wakiilima wakajikuta wanaitwa maskwota. Anayetaka kumwelewa Mkangi, hata pale anapoandika juu ya sayari za mbali, asilisahau hilo.

Alijitumbukiza kwanza katika elimu-jamii. Mwaka 1978 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, kwa utafiti kuhusu ongezeko la watu na mageuzi ya ardhi huko Taita. Utafiti huo ulizaa kitabu kilichochapishwa mwaka 1983. Wakati ule wataalamu wengi walikuwa wameshika nyimbo mbili: kwamba maskini ni maskini kwa sababu wanazaa mno, na kwamba mkulima akikabidhiwa hatimiliki atainuka. Mkangi alizitilia shaka zote mbili. Aliuliza ni nani hasa anayelipa gharama ya familia ndogo pale ambapo watoto ndio nguvukazi na ndio bima ya uzee, na aliyaita mageuzi ya ardhi kuwa ni ngano tu. Nalitaja jambo hili kwa sababu baadhi ya wahakiki humtazama kama mwanasayansi wa jamii aliyejaribu riwaya kwa kujifurahisha. La hasha. Swali lake lilikuwa lile lile katika tasnifu na katika hadithi: je, jamii iliyo tofauti na hii yaweza kufikirika, na ikifikirika, itakuwa na sura gani?

Riwaya yake ya kwanza, Ukiwa, ilitoka mwaka 1975. Ni hadithi ya mapenzi na upweke, nayo imo katika mkondo wa uhalisia uliokuwa ukishamiri wakati huo. Ya pili, Mafuta, ilitoka mwaka 1984, na hapo tayari mwandishi amekwisha kuuacha uhalisia wa kawaida; anasema kwa mafumbo, na mafumbo yenyewe yanahusu unyonyaji. Alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na miaka ile haikuwa miaka ya mhadhiri kusema wazi.

Mwaka 1986 serikali iliwasaka watu iliowashuku kuhusika na vuguvugu la Mwakenya. Wengine walipelekwa mahakamani na kufungwa. Wengine waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, chini ya sheria ya kuhifadhi usalama wa umma. Mkangi alikuwa katika kundi hili la pili. Hali ya mtu wa kizuizini ni ya ajabu kisarufi, ikiwa msomaji ataniruhusu kusema kama mwanaisimu. Mfungwa hukaa ndani ya kitenzi chenye wakati: alifanya kosa, akahukumiwa, atatoka siku fulani. Wa kizuizini hana kitenzi. Hakuna kosa lililotajwa, hakuna hukumu, hakuna tarehe ya kutoka. Amewekwa tu.

Mwambao wetu ulikuwa umekwisha kutoa waandishi waliopitia malango hayo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kutoka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wa kisiasa, akatoka na diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973. Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, aliwekwa kizuizini mwaka 1982, na baadaye, mwaka 1988, ikatoka diwani yake ya Chembe cha Moyo. Wote wawili waliugeuza upweke wa seli kuwa ushairi, nao ni utanzu ambao mwambao umeuzoea kwa karne nyingi na ambao hauhitaji karatasi nyingi. Mkangi hakufuata njia hiyo. Baada ya Mafuta ilipita miaka 11 bila riwaya mpya kutoka kwake, na alipotokea tena, mwaka 1995, alikuwa ameiacha dunia yenyewe.

Riwaya hiyo ya tatu inaitwa Walenisi. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa na utawala wa nchi yake, na adhabu anayopewa ni kupakiwa katika chombo cha angani ili akapotelee huko. Hapotei. Anafika katika sayari nyingine, Walenisi, na huko anakuta jamii iliyojengwa juu ya usawa, ambamo ujuzi na mitambo vinamtumikia kila mtu badala ya kuwatumikia wachache. Sehemu kubwa ya kitabu ni Dzombo akishangaa, akiuliza, akijibiwa, na polepole akitambua kwamba mambo aliyoyadhani kuwa ya kimaumbile kwao yalikuwa yamewekwa na watu, na kilichowekwa na watu chaweza kuondolewa.

Jina la sayari hiyo nimewahi kuwaandikia ubaoni wanafunzi wa isimu bila kuwaambia limetoka wapi, nikawataka waligawe. Walichukua muda mfupi tu: wale, ni, si, yaani wale ni sisi, kwa kutumia kile kifupi cha kiwakilishi tunachokisikia katika nasi. Kugawa huko ni rahisi, lakini linalofuata si rahisi. Wale ni kionyeshi cha mbali. Mzungumzaji akisema wale huwa amenyoosha kidole, na kati yake na wanaotajwa kuna umbali, wa mahali au wa moyo. Sisi ni nafsi ya kwanza, humjumuisha anayesema. Lugha kwa kawaida huvitenganisha viwili hivyo, na siasa zetu zimejengwa juu ya utengano huo: wale wa kabila lile, wale wa mtaa ule, wale wa chama kile. Mkangi anavipiga gundi vikawa neno moja lisilo na nafasi katikati. Hadithi nyingi za kisayansi zilizosomwa sana duniani huwachukua wageni wa sayari nyingine kama kitisho au kama kioja. Hapa mgeni wa sayari nyingine ni wewe mwenyewe, ila katika hali uliyopaswa kuwa nayo. Sijui jina la kitabu jingine katika Kiswahili linalobeba hoja nzima ya mwandishi wake kwa silabi nne.

Na jina la mhusika pia lina lake la kusema. Msomaji wa bara husoma Dzombo akadhani ni jina la kubuniwa ili lisikike la ajabu. Mmijikenda haoni ajabu yoyote. Panapo j ya Kiswahili Sanifu, lugha za Kimijikenda mara nyingi huwa na dz: jina ni dzina, jino ni dzino. Dzombo pia ni jina la kilima kinachojulikana sana Kwale. Kwa hiyo sikio la mtu wa mwambao haliwezi kukosa kusikia jombo ndani ya Dzombo, nalo jombo ni ukubwa wa chombo. Mtu anayerushwa ndani ya chombo, naye ni chombo kikubwa kuliko hicho! Huenda nasoma kwa jicho la mwanaisimu mno, lakini maandishi yanaruhusu.

Hapa kuna jambo ambalo walimu wa Kilifi na Malindi wana haki kubwa zaidi ya kulisema kuliko mimi. Tunapozungumza habari za roketi, sisi tunazungumza kana kwamba ni habari za kusikia tu. Ilhali kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walisimamisha majukwaa baharini, na kutoka jukwaa la San Marco setilaiti tisa zilirushwa kati ya mwaka 1967 na mwaka 1988. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu pako karibu sana na ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe huipa roketi msukumo wa ziada. Mojawapo ya setilaiti hizo, iliyotengenezwa na Marekani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, na kwa sababu hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Orodha ya nne ya vyanzo vya miale ilivyovibaini ina vyanzo 339, na hadi leo wanafalaki wa Tokyo na wa Chicago huvitaja kwa alama inayoanza na 4U. U hiyo ni ya Uhuru. Neno letu limo mbinguni, limebandikwa juu ya nyota, na mtoto wa shule ya Gongoni haelezwi.

Sidai kwamba Walenisi ilizaliwa na roketi za Ngomeni. Kati ya Ribe na Ngomeni kuna zaidi ya kilomita 100, na Mkangi alikuwa na sababu nyingine za kutosha za kutaka kuondoka duniani. Ninachosema ni kwamba mwandishi aliyezaliwa Kilifi na kuandika juu ya chombo cha angani hakuwa akiazima ndoto ya watu wengine. Chombo kilikuwa kwao.

Hata msamiati ulikuwa kwao. Mbishi hudai kwamba Kiswahili hakina maneno ya safari za angani. Chombo, kwa mtu wa mwambao, kabla ya kuwa sahani au mtambo, ni jahazi. Rubani alikuwa mwongoza jahazi. Ni rubani aliyechukuliwa Malindi aliyemvusha Vasco da Gama hadi Calicut mwaka 1498. Ndege zilipokuja neno hilo liliruka tu kutoka majini hadi hewani, wala hakuna aliyelalamika. Zuhura, Mirihi na Zohali ni majina yaliyotumiwa na watu wa falaki pwani kabla ya shule za kisasa, na wakulima wameipimia misimu kwa kukitazama Kilimia. Lugha iliyosafiri Bahari ya Hindi kwa kutazama nyota haikosi maneno ya kuziendea nyota zenyewe.

Wala Mkangi hakuwa wa kwanza kuiweka nchi ya Kiswahili hewani. Shaaban Robert alikwisha kufanya hivyo mwaka 1951 kwa Kusadikika, nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwa miongoni mwazo, na waliporudi na maarifa wakatupwa gerezani. Ukiisoma Kusadikika kisha ukaisoma Walenisi, utaona ukoo mmoja: mshtakiwa, utawala usiotaka kuambiwa, na nchi ya mbali iliyo bora. Tofauti ni kwamba wajumbe wa Shaaban Robert wanarudi na kutoa taarifa, ilhali Mkangi anampeleka msomaji mwenyewe akaone. Baadaye wakaja wengine walioiacha ardhi kwa njia zao: Euphrase Kezilahabi na Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, Said Ahmed Mohamed na Babu Alipofufuka mwaka 2001, Kyallo Wadi Wamitila na Bina-Adamu! mwaka 2002. Wahakiki wameandika mengi juu ya hao. Walenisi imepata sehemu ndogo ya uangalifu huo, na naona si haki.

Hata hivyo, nisimpambe mwandishi kwa sifa asizostahili. Walenisi ina sura ambazo wahusika wanaacha kuishi na kuanza kuhutubu. Mhadhiri wa elimu-jamii anamsukuma kando msimulizi, na msomaji anajikuta darasani. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekabidhiwa kitabu kizima na kuambiwa akisome likizoni atakiweka chini kabla hajafika mbali, na hatakuwa na kosa. Hapo ndipo ninapowahusudu wale waliokuwa na majarida. Hadithi fupi ya kisayansi humpa mwandishi kurasa chache tu. Hana nafasi ya kuhutubu. Lazima wazo moja la ajabu liwekwe mezani, watu wawili watatu waligombanie, kisha taa zizimwe. Laiti magazeti ya Kiswahili ya miaka ya 1970 na 1980, yaliyochapisha hadithi nyingi za mapenzi na za upelelezi, yangalitenga safu moja kwa vyombo vya angani, Mkangi angalipata uwanja wa kunoa kalamu yake, na angalipata wenzake wa kushindana nao. Aliandika peke yake, na uzito wa kuwa peke yake unaonekana: alijaribu kusema kila kitu katika kitabu kimoja.

Dawa ya hili imo mikononi mwa mwalimu. Riwaya yaweza kukatwa vipande. Sura ya hukumu ya Dzombo husomeka peke yake kama hadithi fupi iliyokamilika. Safari ndani ya chombo ni ya pili. Kuwasili ni ya tatu. Isomwe kwa sauti darasani, kipande kimoja kwa wiki, kama gazeti lingalivyoichapisha. Zile hotuba zirukwe katika usomaji wa kwanza. Najua kuna watakaosema huko ni kumvunjia mwandishi heshima. Charles Dickens alichapishwa vipande vipande, na heshima yake haikupungua.

Baada ya kizuizi Mkangi alirudi katika kazi ya kufundisha, akawa profesa wa elimu-jamii katika chuo kikuu cha kibinafsi jijini Nairobi. Aliendelea kuandika kuhusu watu wa kwao. Mwaka ule ule wa Walenisi ilitoka makala yake kuhusu namna Wamijikenda wanavyouona Uislamu, katika kitabu cha wataalamu mbalimbali kuhusu Uislamu nchini Kenya. Kisha akafanya jambo ambalo waandishi wa ndoto njema hawalifanyi mara nyingi. Katika uchaguzi mkuu wa Desemba 1997 aligombea urais kwa tikiti ya chama cha Kenya National Congress. Wagombea walikuwa 15, miongoni mwao Wangari Maathai na Koigi wa Wamwere, naye Koigi alikuwa ameonja magereza kama yeye. Kura alizopata Mkangi zilikuwa chache mno, hazikufika hata asilimia moja. Wapo waliocheka. Mimi naona alikuwa akifanya kwa karatasi ya kura lile alilolifanya kwa karatasi ya riwaya: kuweka mbele ya watu nchi ambayo bado haipo, na kuwauliza kama wangependa kwenda.

Alifariki mwaka 2004 katika ajali ya barabarani. Aliacha riwaya tatu, tasnifu moja, vitabu na makala za elimu-jamii, na jina ambalo Kilifi yenyewe inalikumbuka zaidi kwa siasa kuliko kwa fasihi.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza na jambo dogo, napendekeza zoezi hili. Wanafunzi waandike hadithi ya kurasa mbili, zisizidi, kwa Kiswahili, kuhusu chombo kinachoondoka Ngomeni mwaka 2070, miaka 100 baada ya setilaiti ya Uhuru. Wasiambiwe kinakwenda wapi. Mwalimu mmoja wa Malindi aliyelijaribu zoezi hilo aliniambia kwamba darasa lilipoteza dakika 20 za mwanzo kabla ya mtu yeyote kuandika neno, maana lilizuka zogo kubwa kuhusu nani angepewa nafasi ya kupanda, na kama wavuvi wa Ngomeni wangeulizwa kwanza.